Jicho la Langoni na Jicho la Sebuleni

Kwa miaka mingi malango ya mitaa yetu yalibeba kibao kimoja: MBWA KALI. Sisi walimu wa lugha tulikaukwa na makoo tukiwaeleza wachoraji wa vibao kwamba mbwa, madhali ni kiumbe mwenye uhai, huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, na kwa hivyo ni mbwa mkali. Hawakutusikiliza, na mbwa wenyewe hawakulalamika. Siku hizi kibao hicho kinapotea polepole. Mahali pake panapigiliwa kingine chenye picha ya kamera na herufi nne za Kiingereza, CCTV, na aghalabu hakina neno hata moja la Kiswahili la kusahihisha.

Badiliko hili si dogo. Kamera ambazo zamani zilikuwa za mabenki, maduka makubwa na balozi sasa zinauzwa rejareja katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, sambamba na redio na vipaza sauti, na mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuzimudu. Mwalimu aliyejenga nyumba ya vyumba vitatu Ruiru, mwanafunzi aliyepanga chumba karibu na chuo, mjane anayefuga ng'ombe wawili kijijini, wote wamefikiwa na biashara hii. Wenzangu kazini huniuliza, kana kwamba uzamifu katika isimu humpa mtu ujuzi wa nyaya: ninunue ipi? Muuzaji amekwisha kuwajibu kwa kuwatajia idadi ya megapikseli. Mimi huwarudishia maswali mawili ambayo muuzaji huwa hayaulizi. Kamera hiyo itamtazama nani? Na picha zake zitakuwa mikononi mwa nani? Anayenunua pasipo kuyajibu hayo, hata akilipa bei ghali namna gani, huenda akawa amejiletea jasusi nyumbani akidhani ameajiri mlinzi.

Tuanze na jina lenyewe, kwani jina lina ushahidi. Herufi hizo nne ni kifupisho cha maneno yanayomaanisha runinga ya mkondo uliofungwa. Kilichofungwa ni njia ya picha: inatoka kwenye kamera, inapita katika waya, inafika kwenye kioo kimoja au viwili vinavyojulikana, na hapo safari inakoma. Ilikuwa kinyume cha runinga ya kawaida ambayo picha zake hurushwa hewani azione kila mwenye chombo. Wakati huo jina lilistahili. Lakini kamera nyingi zinazouzwa leo hazina mkondo uliofungwa hata kidogo. Picha hutoka sebuleni mwako Nakuru, ikaenda katika tarakilishi za kampuni iliyo nchi ya mbali, kisha ikarudi katika simu uliyoishika mkononi sebuleni humo humo. Neno limebaki, maana imehama. Magazeti yetu nayo, katika jitihada ya kutafuta Kiswahili, yameziita "kamera za siri", ilhali zimetundikwa peupe na kibao juu yake. Kilicho siri hapo si kamera bali ni mwendo wa picha zake.

Yafaa tumkumbuke aliyelianzisha jambo hili la kuweka kamera nyumbani. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi, Mmarekani mweusi, aliyeishi mtaa wa Queens jijini New York. Saa zake za kazi na za mumewe Albert, fundi wa vifaa vya elektroniki, hazikulingana, na mara nyingi mama huyu alijikuta peke yake nyumbani katika mtaa ambao polisi walichelewa kufika walipoitwa. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hataza ya mtambo wao wa usalama wa nyumbani, wakapewa tarehe 2 Desemba 1969. Mlango ulikuwa na matundu kadhaa ya vimo mbalimbali, na kamera iliweza kupanda na kushuka ili imwone mgeni mrefu na mgeni mfupi. Picha ilionekana kwenye runinga chumbani. Palikuwa na chombo cha kusemezana na aliye nje, kitufe cha kufungua mlango kwa mbali, na kingine cha kupiga king'ora.

Naomba msomaji aupime uamuzi wa muuguzi huyo. Kamera yake ilitazama nje. Picha yake iliishia kwa yule yule aliyekuwa na hofu, pasi na mtu wa tatu. Na haikuwa jicho tupu, kwani ilikuwa na mkono wa kufungua na sauti ya kuita msaada. Sifa hizo tatu ndizo ninazozitafuta ninapoulizwa ushauri, na nasikitika kusema kwamba mitambo mingi ya leo, pamoja na ung'aavu wake wote, ina upungufu katika mbili kati yake.

Mimi mwenyewe sikumfuata bibi huyo. Wezi waliruka ukuta wa jirani usiku mmoja, nami kwa hofu nikanunua seti ya kamera nne. Moja iliwekwa langoni, moja uani, moja kwenye ujia wa nyuma, na ya nne, kwa kuwa ilikuwa tayari imelipiwa na fundi alikuwa na haraka, ikafungwa pembeni mwa dari ya sebule, ikitazama meza ya kulia na mlango wa jikoni. Siku ya pili yake msaidizi wetu wa nyumbani, mama wa makamo aliyekwisha kaa nasi miaka sita, aliniletea chai, akaitua mezani, akakiinulia macho kile kidude. "Mwalimu," akauliza kwa upole, "hiki kijicho kinatazama mwizi ama kinanitazama mimi?"

Nilimjibu kwamba ni kwa usalama wetu sote. Jibu hilo halikuwa kweli, naye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Kwa wiki kadhaa, kila nilipoifungua simu nikiwa ofisini wakati wa chakula cha mchana, nilimwona akila amesimama, mgongo ameuelekeza kwenye kamera. Mwizi sikumwona.

Wapo watakaonikumbusha kisa cha Kampala. Mwezi Novemba mwaka 2014 video iliyonaswa na kamera iliyofichwa sebuleni ilimwonyesha yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo. Video hiyo ilisambaa duniani kote kwa siku chache, na mwezi uliofuata yaya huyo akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Siwezi kumlaumu mzazi yule, na sidhani kwamba yupo mzazi aliyeitazama video ile akalala usingizi mzuri. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kamera ile haikuuzuia mkono wa yaya. Iliurekodi. Aliyemwokoa mtoto ni baba aliyeshuku, akatafuta ukweli, akaupeleka polisi. Katika nyumba nyingi zilizoiga mfano wake, mambo yamepinduka: kamera imekuwa badala ya kumjua mtu kabla ya kumwajiri, badala ya kuuliza alikotoka na waliomwajiri awali, badala ya kumlipa ujira unaostahili na kurudi nyumbani mapema siku moja moja bila ya taarifa. Mwanamke asiyekuwa na mkataba wala chumba chenye kufuli anafanya kazi saa kumi na nne chini ya jicho lisilopepesa. Kama ipo hoja ya kumweka mtoto mchanga chini ya kamera, basi mfanyakazi aambiwe waziwazi, aonyeshwe kamera ilipo na inachokiona, sauti izimwe, na chumba anacholala pamoja na bafu visikaribiwe kabisa.

Lugha yetu imelipambanua jambo hili siku nyingi. Kulinda si kuchungulia. Kuchunga na kuchungua yanafanana masikioni, lakini mchunga ng'ombe na mchunguzi hawafanyi kazi moja. Tulilichukua neno bawabu kutoka Kiarabu, na humo limo neno la Kiarabu la mlango: bawabu ni mtu wa mlangoni. Mtazame anavyoketi. Kiti chake kimeelekea njia, mgongo wake umeelekea nyumba. Anamwona anayekuja, na hana habari na walichokula wenyeji. Lau angekigeuza kiti na kuketi akitazama ndani dirishani, angefukuzwa siku iyo hiyo. Ya nini basi kumruhusu mlinzi wa plastiki lile ambalo mlinzi wa damu na nyama asingethubutu kulifanya?

Tukikubaliana kwamba kamera ikae kama bawabu, swali la megapikseli linapata mahali pake, nalo ni swali la hesabu ya shule ya msingi. Kamera inayotangazwa kuwa ya megapikseli 2 huigawa picha katika nukta 1,920 kwa upana. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo ya kawaida katika seti za bei nafuu, huona pembe ya takriban nyuzi 100. Hivyo, umbali wa mita 10 kutoka kwenye kamera, upana unaoonekana ni karibu mita 24. Gawanya 1,920 kwa 24 upate nukta 80 kwa kila mita. Uso wa mtu wenye upana wa sentimita 16 hupata nukta 13 tu. Kwa nukta 13 utajua kwamba mtu amepita. Hutajua ni nani. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu kwa ajili ya kumtambua mtu usiyemjua ni nukta 250 kwa mita, maana yake ni kwamba kamera hiyo haipaswi kutazama upana unaozidi mita 7 na nusu hivi. Ndiyo sababu picha nyingi zinazopelekwa polisi humwonyesha kijana wa kofia ambaye anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote. Kamera moja ya bei ya wastani inayotazama lango peke yake, iliyofungwa kimo cha mtu au zaidi kidogo badala ya kutundikwa kwenye paa, ina faida kuliko kamera nne zinazotazama mbingu na ardhi. Paa hutupatia picha nzuri za vipara na kofia.

Usiku una hila zake. Kamera nyingi hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na katika mwanga huo rangi hupotea. Koti jeusi la kitambaa fulani huonekana jeupe pe. Shahidi anayeapa kwa rangi ya nguo kwa kutegemea picha ya namna hiyo anaweza kumfunga asiyekuwa na hatia. Taa ya kawaida inayowaka mtu akikaribia lango huisaidia kamera, na humsaidia zaidi mama anayerudi nyumbani saa mbili usiku.

Je, mwizi huogopa kamera? Mwaka 2019 Eric Piza, Brandon Welsh na wenzao walichapisha tathmini ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za mahali pa umma. Kwa jumla ziliambatana na upungufu wa uhalifu wa takriban asilimia 13, na faida iliyo wazi zaidi ilionekana katika maegesho ya magari. Kuhusu uhalifu wa kutumia nguvu, hawakukuta athari ya maana. Uani kwako si maegesho ya magari, lakini ningependa takwimu hiyo ibandikwe katika kila duka linaloahidi usalama kamili. Kufuli imara, ukuta usio na mti wa kupandia, na jirani anayekujua kwa jina vingali na kazi.

Nije sasa kwenye swali la pili, lile la picha kuwa mikononi mwa nani. Muuzaji atakwambia kwamba picha "zinakaa kwenye wingu". Nalistahi neno hilo kama sitiari, ila ni sitiari yenye hila. Wingu halina mwenyewe, haliombi malipo kila mwezi, wala haliajiri watumishi. Wingu la muuzaji ni tarakilishi ya mtu mwingine. Mwaka 2023 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, inayomilikiwa na Amazon, ikidai kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa ametazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwamo za kamera zilizokuwa vyumbani mwao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Mwezi Februari 2024, kamera za kampuni ya Wyze zilipopata hitilafu, wateja wapatao 13,000 waliletewa picha kutoka nyumba zisizokuwa zao. Hao ni wateja wa nchi yenye mahakama karibu na makao ya kampuni. Mkazi wa Kakamega aliyenunua kamera isiyokuwa na jina la mtengenezaji atamshtaki nani, na wapi?

Kwa hivyo mimi hupendelea mtambo unaohifadhi picha ndani ya nyumba, katika diski, na unaoendelea kufanya kazi hata waya wa intaneti ukichomolewa. Hapa pia hesabu inasaidia. Kamera ya megapikseli 2 inayotumia mfumo wa kisasa wa kubana picha hutoa takriban megabiti 2 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Megabiti nane ni megabaiti moja. Basi kamera moja hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza gigabaiti 86.4, na diski ya gigabaiti 1,000 huhifadhi siku 11 na ushei kabla ya mpya kufuta ya zamani. Kadi ndogo ya gigabaiti 64 inayochomekwa ndani ya kamera moja haimalizi siku tatu. Anayesafiri kwenda mashambani wiki mbili za Desemba na alijue hilo kabla ya kuondoka.

Jambo jingine ni nywila. Tarehe 21 Oktoba 2016 tovuti kubwa za dunia, zikiwamo Twitter na Netflix, zilikwama kwa saa kadhaa. Jeshi lililozishambulia lilikuwa la kamera za nyumbani, mitambo ya kurekodia picha na vifaa vya intaneti, vyote vimetekwa na programu iitwayo Mirai. Silaha ya Mirai ilikuwa orodha ya nywila zipatazo 60 tu zilizowekwa kiwandani, za aina ya "admin" na "123456", ambazo wenye vifaa hawakujishughulisha kuzibadilisha. Kwetu sisi lipo tatizo la karibu zaidi, nalo ni fundi. Fundi wangu, kijana mwenye adabu na mikono myepesi, aliufungua mtambo kwa anwani yake ya barua pepe kwa sababu mimi sikuikumbuka nywila ya yangu. Miezi mitatu baadaye, nilipombadilishia mke wangu simu, ndipo nilipogundua kwamba mwenye kamera zangu kwa mujibu wa programu ni yeye, na mimi ni mgeni mwalikwa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na nyumba nyingi za namna hiyo simuni mwake, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Tangu siku hiyo huwaambia watu: akaunti ifunguliwe kwa simu ya mwenye nyumba, nywila ya kiwandani ibadilishwe fundi angali palepale, na orodha ya wanaoruhusiwa kutazama isomwe kwa sauti kabla ya fundi kulipwa.

Aliye na kinasa picha ndiye aliye na ushahidi, na Kenya ilikumbushwa hilo kwa uchungu. Mwezi Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha jiji. Kituo kilikuwa na kamera. Mamlaka ya kuwasimamia polisi, IPOA, iliieleza Seneti kwamba mtambo wa kamera hizo ulikuwa umevurugwa. Kamera zilikuwapo, waliokuwa na ufunguo wa chumba cha mtambo ndio waliokuwa na neno la mwisho. Nyumbani, kwa kiwango kidogo, kanuni ni ile ile. Kinasa kilichoachwa juu ya kabati la runinga hubebwa na mwizi pamoja na runinga. Kifungiwe mahali pengine, na saa yake isahihishwe, kwa maana picha yenye tarehe ya uongo itamfurahisha wakili wa mshtakiwa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kutoka kwa mtu anayewajibika na mtambo, akieleza jinsi rekodi ilivyopatikana. Asiyejua mtambo wake unavyofanya kazi atakitia sahihi cheti hicho kwa mkono unaotetemeka.

Nisisahau umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 takriban nchi nzima iliingia gizani, na sehemu nyingine zilikaa hivyo karibu siku nzima. Kamera zisizokuwa na betri ya akiba zilikufa katika dakika ile ile ambayo watu walizihitaji. Betri ndogo ya kuendesha kinasa na kamera kwa saa chache ni bora kuliko kamera ya tano.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya habari za mtu amjulishe, aseme kusudi lake, na asizikusanye kupita haja. Kifungu cha 51 kinamsamehe mtu binafsi anayefanya hivyo kwa shughuli za kibinafsi au za nyumbani tu. Nasisitiza neno hilo dogo la mwisho, tu. Chama cha wakazi kinachofunga kamera kwenye lango la mtaa si mtu binafsi. Mwenye nyumba za kupangisha anayeielekeza kamera kwenye milango ya vyumba vya wanafunzi hafanyi shughuli ya nyumbani kwake. Anafanya biashara, na wanafunzi wangu wanaoishi hivyo wana haki ya kumuuliza ni nani anayetazama na kwa siku ngapi. Shule nazo zisijione salama: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi.

Na kamera ya mtu binafsi inayotazama barabara au ua wa jirani? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 11 Desemba 2014, katika kesi ya mkazi wa Ucheki aliyekuwa amevunjiwa madirisha, kwamba kamera ya nyumbani ikianza kunasa mahali pa umma, hata kwa sehemu, imetoka nje ya msamaha wa shughuli za nyumbani tu. Mahakama haikumkataza kujilinda. Ilisema kwamba kuanzia ukutani kwenda nje ana wajibu kwa wengine. Uamuzi huo hauwafungi majaji wetu, lakini kifungu chetu cha 51 kimeandikwa kwa maneno yanayokaribiana sana na yale ya Ulaya, na sioni jinsi ambavyo jaji wa Nairobi atakavyolisoma neno "tu" kwa maana nyingine. Vivyo hivyo kwa yule anayekula amesimama jikoni. Kwake yeye nyumba yangu ni mahali pa kazi, na mwajiri anayemrekodi mfanyakazi ana kibarua kigumu cha kudai kwamba hilo ni jambo lake la kibinafsi.

Nyumbani kwangu, kamera ya sebuleni niliishusha mwezi ule ule niliogundua habari za fundi. Nilimwita msaidizi wetu aone tundu la skrubu likizibwa, naye akasema tu, "Asante, Mwalimu," akarudi kwenye sufuria yake. Kamera ya uani, niliyodhani haina lawama, ilikuwa ikiiona kamba ya jirani ya kuanikia nguo. Yeye ndiye aliyeniambia, mbele ya watu, kwenye mkutano wa chama cha wakazi. Tumeizungusha, na sehemu iliyosalia ya ua wake imefunikwa kwa weusi katika programu, kazi ya dakika mbili ambayo hakuna aliyenitajia wakati wa kununua. Zimebaki kamera tatu. Kibao cha lango nimekiandikisha kwa Kiswahili, LANGO HILI LINA KAMERA, na mchoraji amekubali bila ya ubishi. Kile cha mbwa bado kipo chini yake, na kosa lake la sarufi. Mbwa mwenyewe alikufa mwaka 2021.